Kisu Kisichouzwa

Tak! Halafu tena: tak!

Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, hapa kwetu Tshopo, mtaa wa Kisangani, nachambua majani ya pondu, yaani kisamvu, na sauti ile ikanipita mgongoni kama maji ya baridi. Kisu cha kukunja kinapofunguka mimi nakisikia hata usingizini. Nikageuka. Alikuwa mkwe wangu Dido, baba wa mjukuu wangu Mado, amesimama karibu na mlango na kifua mbele, anafungua na kufunga kitu kinachong'aa kama jino la dhahabu.

"Mama, kisu njo hii nilinunulia Mado," akaniambia. "Iko na yote! Tochi, mukasi, kijiko, hata kidude ya kuchokoa meno."

"Na kisu iko wapi?"

Akacheka. Alidhani ninatania. Mimi sitanii na visu.

Mado anaanza biashara ya mtoni. Atapanda zile mashua kubwa za mbao mpaka Isangi, atarudi na samaki wa moshi, na baba yake amemnunulia kijiko chenye tochi. Basi, nawaambia ninyi mnaosoma: vijana wa Kisangani siku hizi wananunua kisu kama wanavyonunua miwani ya jua. Wanakitundika mkandani, wanakipigisha tak, tak mbele ya wasichana, jioni wanakipangusa na kitambaa. Dido mwenyewe anacho cha namna hiyo tangu zamani. Kimekata plastiki ya simu. Siku moja kilikata embe, na lile embe lilikuwa limeiva.

Sauti ile ya tak ilinirudisha mbali. Nikaacha pondu, nikanusa vidole vyangu, na badala ya harufu ya majani nikasikia harufu ya ngolo, yule kambale wa kwetu mwenye ute. Harufu hiyo ndiyo harufu ya kisu changu cha kwanza.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mto, chini kidogo ya Yanonge. Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa nyavu, hakupenda makelele. Mama ndiye alikuwa mtu wa masuwa. Masuwa tuliita zile meli kubwa zilizopanda kutoka chini kwenda Kisangani, zikisukuma majahazi ya chuma yaliyojaa watu, mbuzi, magunia, mpaka huwezi kuona chuma chenyewe. Masuwa haikusimama kijijini kwetu. Ilipita tu. Ni wewe uliyeifuata.

Mlisikia mashine yake kabla ya kuiona, du-du-du-du, kama moyo wa mtu anayekimbia. Hapo wanawake wote walikuwa wameshapakia. Unapiga kafi, unaingia mbele yake, na inapokufikia unatupa kamba kwenye chuma na kujifunga ubavuni, nayo ikiendelea kwenda. Mama anarukia juu na kitunga chake cha samaki. Anauza, anabadilisha na chumvi, na sabuni, na vitambaa, kisha anarudi mtumbwini, mnajifungua, mnateremka na maji mpaka nyumbani. Ukichelewa kujifungua, nyumbani panakuwa mbali. Ukijifungua vibaya, hakuna nyumbani.

Mtu wa kamba alikaa mbele ya mtumbwi. Kamba ilifungwa kwenye mtumbwi; yeye aliizungusha kwenye chuma cha jahazi na kushika ncha yake kwa mkono mmoja, na mkono huo haukuruhusiwa kuachia hata kama nyuki amemkalia puani. Ukiachia, pua ya mtumbwi inatoka nje, maji yanaushika ubavu, basi. Kazi hiyo alikuwa akiifanya dada yangu mkubwa. Akaolewa. Mama akanitazama tangu juu mpaka chini kama mtu anayetazama mbuzi mwembamba sokoni, akasema: "Alors, imebaki huyu."

Mtu wa kamba lazima awe na kisu chake mwenyewe, cha kuikata kamba ikijiuma. Hiyo ilikuwa sheria ya wanawake wa kwetu, na haikuwa na mlango wa nyuma. Kisu cha kamba hakiazimwi. Si kwa dada, si kwa rafiki, si kwa kukata kwanga, mkate wa muhogo, wa mtu mwenye njaa. Na kiwe cha kukunja, kwa sababu kisu kilicho wazi, ndani ya mtumbwi unaorukaruka, kitaanza na paja lako. Kilifungwa na uzi kiunoni, chini ya kitenge. Shingoni, hapana. Uzi wa shingoni unanasa, halafu unakunyonga.

Tulikwenda Kisangani kukinunua, mimi na Mama. Kwa bahati mbaya tonton Lifoko alikuja nasi.

Lifoko alikuwa mdogo wa papa. Alikuwa na mtumbwi wake na biashara yake ileile ya samaki, lakini alivaa soksi nyeupe kuuza samaki waliokufa. Sijui nimweleze vipi zaidi. Alikuwa mtu wa kujipaka mafuta magoti. Njia nzima alimwambia Mama, shemeji yake, "Semeki, visu uniachie mimi. Visu iko kazi ya wanaume." Mama alipiga kafi. Mama hakuwa na desturi ya kujibu upepo.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja wa Maniema, kofia nyeupe kichwani, ndevu safi, meza yake imejaa kufuli, nyembe, vioo na visu vilivyopangwa kama meno. Katikati ya vile visu kulikuwa na kimoja chenye mpini mweupe kama maziwa, na chui amechorwa juu yake anaruka. Kilikuwa na vitu vingi vya kukunjua. Lo! Nilikipenda mara moja. Niliona tayari jinsi wasichana wa kijiji watakavyoninyamazia.

"Binti ana macho," akasema Lifoko. Akakichukua, akakikunjua chote mpaka kikawa kama kaa aliyelala chali. "Huyu chui njo ya mutoto wetu."

Mama hakukitazama. Aliinama kwenye kitunga chake, akatoa ngolo mmoja mbichi, mzima, mwenye ute unaoning'inia, akanishika mikono na kunipaka ute ule mpaka kwenye viwiko. Pale pale, mbele ya watu. Halafu akanipa kipande cha kamba nishike kwa mkono wa kushoto, na ncha ya pili akaivuta yeye.

"Fungua," akasema.

"Kwa mukono moja?"

"Ule mwingine uko na kazi."

Mzee wa Maniema akaruka. "Mama! Mama! Unachafula meza yangu! Unanunua kisu ao unaoza binti?"

"Kama nilikuwa naoza binti," Mama akajibu, "ningeuliza maswali kidogo."

Watu walianza kukusanyika. Mwanamke wa nyanya alicheka mpaka akashika tumbo. Lifoko alisogea kwenye meza ya pili na kuanza kutazama saa za mkono, kama mtu ambaye hatujui na hajawahi kuona ngolo maishani.

Chui alishindwa. Ukucha wangu ulitafuta kile kijishimo cha kufungulia, ukateleza, ukatafuta, ukateleza, na nilipopata kitu cha kuvuta, kilitoka kizibuo cha chupa. Mama alivuta kamba. "Umekufa," akasema. Nikajaribu cha pili, chenye mpini wa chuma. Kikanitoka mkononi kama sabuni, kikaanguka chini. "Umekufa tena." Cha tatu kilifunguka vizuri, lakini nilipobonyeza makali kwenye kamba kilijikunja chenyewe na kunila kidole. Nilitaka kulia. Mama alinitazama kwa yale macho yake makavu. "Maji haingoje ukucha," akasema. Neno hilo alinirudishia utoto wangu wote, na nililichukia kila mara.

Nilikufa meza nzima, nawaambia. Watu walihesabu kwa sauti na kupiga makofi.

Mzee wa Maniema alichoka. Mteja mwingine alikuwa amenunua kufuli, anataka afungiwe, basi mzee akalifunga kwenye karatasi, akazungusha uzi, akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kisu chake, akakifungua kwa meno, akakata, akakirudisha. Hata hakutazama. Mkono ulijua njia.

Mama aliona. Sisi wengine tulikuwa tunatazama chui.

"Nipe ile unakatiaka uzi," akasema.

"Ile haiuzwe, mama. Ile iko yangu."

"Njo maana naitaka. Weye uko na visu meza muzima, na kukata unatoa ingine ku mufuko. Hii yote iko ya nani? Ya wajinga?"

Pale watu walicheka kweli, na safari hii hawakunicheka mimi. Mzee alishika ndevu. Halafu na yeye akacheka, akakitoa. Lakini hakukiachia hivihivi. Mama aliacha kitunga kizima cha samaki wa moshi, na yule ngolo juu yake. Lifoko alirudi kutoka kwenye saa zake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kisu yenye ilishatumika, semeki? Kwa mutoto wa watu?" Akajinunulia chui, akamtundika mkandani na mnyororo. Nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma.

Changu kilikuwa kibaya. Sikipambi. Mpini wa mti mweusi uliopoteza umbo lake na kuchukua umbo la mkono wa mtu mwingine, waya umezungushwa pale ulipopasuka, makali mamoja tu, membamba, yenye rangi ya chungu cha zamani. Hakikung'aa popote. Nyuma ya makali palikuwa na pembe ndogo iliyojitokeza hata kikiwa kimefungwa, unaiuma kwa meno, unavuta, kimefunguka. Na kikifunguka kinabaki wazi, kigumu kama mzee aliyekataa shauri. Niliwaza: hata kisu changu kimevaliwa na mtu kabla yangu, kama nguo.

Tuliporudi, mazoezi. Kila siku jua likilala Mama alinipeleka majini. Alinipaka ute, au mafuta ya mawese kama hakuna samaki, akanikalisha mbele ya mtumbwi uliofungwa kwenye mti, akashika ncha ya kamba na kuingia mtoni mpaka kifuani. Anavuta. Mimi nashika kwa kushoto, nafungua kwa kulia na meno, na yeye anasema:

"Kata. Usiniangalie."

Kila mara nilimwangalia. Yule ni mama yangu, amesimama ndani ya maji upande wa pili wa kamba, nimtazame nani, mamba? Na kila mara nikimwangalia alisema, "Kamba haina mama. Anza tena." Nilikata kamba kuukuu za kijiji kizima. Nililala na ladha ya chuma mdomoni. Nilijiambia kwamba wasichana wengine wana mama, mimi nimepewa sajini wa kambi ya jeshi ya Kapalata.

Sasa siku yenyewe.

Masuwa ilikuja na mto umejaa, maji ya rangi ya chai, miti mizima inateremka. Tulijifunga vizuri. Mama akapanda juu na kitunga. Lifoko alichelewa, kwa sababu alikuwa anachana nywele sijui kwa ajili ya samaki gani, akakuta chuma chote kimejaa, basi akafunga mtumbwi wake kwenye mtumbwi wetu, kwa nje. Hiyo ni kawaida. Anayechelewa anajifunga kwa aliyewahi.

Halafu masuwa ikaona mchanga mbele yake, ikageuka. Haikupiga honi. Jahazi likaja upande wetu kama ukuta unaoamua kulala. Maji yakapanda kati yetu na chuma, kamba ikakaza mpaka ikaanza kulia, kweli, ililia kama paka, na pua ya mtumbwi ikainama. Maji yakaingia. Kwanza kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Kisha yakaingia kama mwenye nyumba.

Kamba ilikuwa imejiuma kwenye chuma; hata ningeachia ncha, isingetoka. Hakuna mkono wa mtu ungeifungua.

"Shikilia!" akapiga kelele tonton Lifoko nyuma yangu. "Shikilia, mutoto! Usiachilie!"

Nikatazama nyuma. Tonton alikuwa amepiga magoti, soksi nyeupe ndani ya maji, anahangaika na chui. Kilitoka kijiko. Akakirudisha. Kilitoka kizibuo. Akakivuta kisu chenyewe kwa kucha, na kisu hakikutaka, kilikuwa kimeshika kutu ndani ya ule mpini wa maziwa, maana tangu kununuliwa hakikuwahi kutoka kwa kazi. Mnyororo ukajizungusha mkononi mwake. "Ngoja! Ngoja kwanza!" alikuwa anasema, na sijui alimwambia nani. Nadhani aliuambia mto.

Mbele yangu kulikuwa na kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na Mama. Niwaambie ukweli wa mtoto: ile kamba sikuiona kama kitu kinachotuua. Niliiona kama njia. Nikiishika, mimi na Mama tuko pamoja. Nikiikata, anakwenda Kisangani na masuwa, na mimi ninabaki mtoni na Lifoko. Mwili wangu wote ulitaka kushika.

Mkono wa kulia haukuniuliza. Ulikuwa umeshakwenda kiunoni. Meno yakauma ile pembe. Nikasikia ladha ya chuma, na kwa mara ya kwanza sikumwangalia.

Kamba ilikatika kwa mlio kama wa fimbo. Mtumbwi ukaruka, ukazunguka, ukakaa. Mtumbwi wa Lifoko ukatufuata kama ng'ombe. Nilianza kuchota maji kwa kibuyu, na nilipoinua macho masuwa ilikuwa tayari mbali. Nilimwona Mama juu, kati ya watu. Nilitegemea atanipungia mkono. Hakupunga. Aligeuka, akanipa mgongo.

Nililia hapo, na si kwa sababu ya maji.

Lifoko alinigombeza mpaka nyumbani kwa sababu nilimlowesha. Jioni, mbele ya moto, alieleza watu jinsi alivyoniamuru nikate. Akamkunjua chui wake kwa ushahidi, mapigo kadhaa ya nyundo yalihitajika, na watu wakamsifu. Niliamini hata kwamba alikuwa amenitia moyo, kwa kupiga kelele kule. Nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto, nasugua sufuria, ndipo nikasimama na masizi mkononi nikaelewa: alitaka niishike kamba mpaka yeye amalize kujikata kutoka kwangu. Mimi nizame, yeye aelee. Kisu kizuri mkononi mwake kingeniua. Kisu kibaya cha Lifoko ndicho kiliniokoa, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayokipa.

Mama alirudi baada ya siku kadhaa, katika mtumbwi wa watu, midomo imepasuka kwa jua. Nilikimbia mpaka majini. Alishuka, akapita karibu yangu, akanyoosha kiganja.

"Kisu iko wapi?"

Nikampa. Alikifungua, akapitisha kidole kwenye makali, akakaa kwenye jiwe na kukinoa polepole, akakipaka mafuta ya mawese, akanirudishia. Akaingia ndani kupika. Basi. Mimi nikabaki nimesimama, nikawaza: anapenda kisu kuliko mimi.

Kile cha Dido nimemrudishia Dido. Kina kidude cha meno. Atakihitaji, maana kwangu anakula vizuri. Akasema, "Mama, lakini yako ya zamani inafanya nini zaidi?" Nikamjibu, "Inakata." Akaenda kununa kwa rafiki zake.

Kisu cha mzee wa Maniema bado ninacho. Jiwe limekula makali yake mpaka yamebaki membamba kama jani la mwanzi, na mpini umechukua umbo la mkono wangu. Hakiazimwi. Lakini kupewa ni jambo lingine. Jana jioni nilimchukua Mado mpaka ukingoni mwa mto, pale ambapo maji ni mapole, na ngolo ndani ya ndoo. Nilimpaka ute, akapiga kelele kwamba bibi yake, koko wake, ananuka. Nikamkalisha kwenye mtumbwi wa jirani, nikashika ncha ya kamba, nikaingia majini na magoti yangu haya mabovu, nikavuta.

Yeye akauma ile pembe. Akainua macho, akanitazama, mtoto wa mtoto wangu, na uso ule ule wa kuomba. Na hapo mdomo wangu ukaanza kucheza, mimi ambaye silii hata msibani. Ndipo nikajua kwa nini Mama alinikataza kumwangalia, na kwa nini alinipa mgongo kule juu ya masuwa. Alikuwa amejaribu meza nzima kutafuta kisu ambacho hakitashindwa, kwa mkono wowote, kwa maji yoyote, kumkata yeye. Na aliporudi aliulizia kisu kwa sababu mimi alikuwa ameshaniona tangu mbali, nimesimama, mzima.

"Koko," Mado akasema, "unalia?"

"Kata," nikamwambia. Nikageuza uso, nikatazama mto. "Usiniangalie."

Kamba ikakatika. Nikabaki na kipande changu mkononi.